Namba Iliyopanda Tukiteremka

Wanangu mnaoshika usukani siku hizi, mwanangu wa mwisho ndiye aliyenisukuma niandike haya. Naye ni dereva. Wiki iliyopita gari lilimzimikia pale Mpemba huku kioo cha dashibodi kikimwambia bado ana kilomita thelathini. Alifika nyumbani kwa pikipiki ya kukodi, amenuna, akasema gari limemdanganya. Nilicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nilimwambia gari halikumdanganya. Lilikuwa linakumbuka, naye alidhani linatabiri. Hakunielewa, na mimi nikaona haya kidogo kwa kumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilohilo nikiwa na mvi kichwani na mtoto mgonjwa nyuma.

Niliendesha gari la afya kwa zaidi ya miaka ishirini, makao yangu yakiwa Vwawa. Nimepeleka chanjo Ikinga na mvua za Ileje zikinipiga, nimeshusha magodoro kwenye zahanati za bonde la Momba, nimebeba kina mama wajawazito, wazee wenye ngiri, na mara moja jogoo, kwa sababu mgonjwa alikataa kumwacha kwa majirani. Jogoo yule aliwika kutoka Isongole hadi hospitali. Mgonjwa alipona, jogoo sijui.

Sasa ile namba. Ndani ya tenki kuna boya dogo linaloelea juu ya mafuta. Mafuta yakishuka nalo linashuka, na mkono wake unapeleka habari mbele kwako. Wakati huohuo kompyuta ya gari inapima mafuta yanayopulizwa kwenye injini na umbali ambao magurudumu yamekwenda. Inatazama mwendo wako wa karibuni, inajiuliza lita moja imemsogeza huyu bwana kilomita ngapi, halafu inazidisha kwa lita zilizobaki. Jibu ndilo mnaloliona. Magari hayalingani, mengine yanakumbuka mwendo mrefu, mengine mfupi, lakini kazi ni hiyohiyo. Kompyuta haioni mlima ulioko mbele. Haijui kama utapakia watu wawili au magunia kumi.

Ndiyo maana ukinasa kwenye foleni ya malori Tunduma, injini inanguruma na kiyoyozi kinavuma, namba inashuka na wewe hujasogea hata hatua. Vijana wananipigia simu kutoka kwenye foleni wakiniambia tenki linavuja. Siwacheki sana. Mimi mwenyewe niliwahi kuegesha kwenye mteremko Isongole, nikarudi nikakuta mshale wa mafuta umeanguka, nikamwita fundi aje atafute tundu. Fundi alilala chini ya gari, akatoka, akaniomba nisaidie kulisukuma hadi tambarare. Mafuta yalikuwa yamelala upande mmoja wa tenki na boya likalala nayo. Mshale ulirudi mahali pake, na fundi akanitangaza kila gereji ya Vwawa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Sinkala, mtu wa Tunduma, ambaye ujana wake wote aliendesha malori ya kwenda Zambia. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za haraka zinazopoa haraka. Neno lake kubwa lilikuwa la Kibemba, "panono panono", yaani taratibu, na alilisema hata wakati wa kunywa chai. Mshale wa mafuta hakuuamini kabisa. Alikuwa anainama chini ya gari, anagonga tenki kwa spana, anasikiliza, halafu anakuambia lita zilizobaki. Nilijaribu kujifunza kugonga kwa mwaka mzima na sikusikia chochote zaidi ya bati.

Barabara nayo hakuihesabu kwa kilomita. Alihesabu milima. Ukimuuliza zahanati fulani iko umbali gani, anakuambia ni milima miwili kwenda na mitano kurudi, na alikuwa na maana, kwa sababu ukishuka bondeni gari linajiendea lenyewe, na ukirudi kila kitu unakilipa. Aliniwekea masharti mawili. La kwanza, dumu la akiba la dizeli halitoki garini ila kwa kumiminwa kwenye tenki langu mwenyewe. La pili, nizijue mashine zote za kusaga nafaka kwenye njia zangu.

Hilo la pili nililiona la ajabu. Alinishusha kijijini nikaamkie wenye mashine kwa majina, nami nikadhani anatafuta unga wa bure. Mpaka siku moja akanieleza kwamba dizeli haiko kituoni tu, iko popote unga unaposagwa, na kwamba ukipotelewa na matumaini barabarani zima injini usikilize. Mashine ya kusaga inasikika mbali. Nikaitikia kama vijana wanavyomwitikia mzee, nikasahau.

Halafu Mzee Sinkala akastaafu, na muda si mrefu likaja gari jipya lenye kioo kinachoandika kilomita zilizobaki. Wanangu, nililipenda gari lile kupita kiasi. Nililifuta vumbi asubuhi na jioni. Nilimwita Mzee Sinkala aje alione, akakaa kwenye kiti cha dereva, akaitazama ile namba muda mrefu. Akaniuliza, "Hii imejuaje mimi naelekea wapi?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba kompyuta inajua. Akashuka, na kabla hajaondoka akagonga tenki kwa ufunguo wa nyumba yake.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya masika. Nilitoka Vwawa asubuhi na nesi Rehema kupeleka chanjo kwenye zahanati moja ndani kabisa ya bonde la Momba. Rehema ni mtu mtulivu, anayeongea polepole hata akiwa na haraka. Kioo kilisema kilomita mia mbili na sitini. Safari ni mia na kidogo kwenda na hivyohivyo kurudi, basi nikapita kituo cha mafuta nikikipungia mkono. Nilikuwa na dumu la lita ishirini nyuma, na namba ilinitosha.

Tulipofika kwenye ukingo wa milima na kuanza kushuka, namba ilikuwa imefika mia na tisini. Nikaweka gia ndogo, gari likateremka kwa uzito wake, injini haili kitu. Namba ikaanza kupanda. Mia na tisini na tano. Mia mbili na tano. Nikamwonyesha Rehema, nikamwambia gari hili linazaa mafuta. Tulicheka wote. Tulipofika chini ilikuwa mia mbili na thelathini, na mimi nikajisikia tajiri.

Karibu na zahanati tulimkuta kijana na pawatila yake, lile trekta dogo la kushikwa mikono wanalolimia mpunga, imefungwa tela na imezimika kando ya njia. Dizeli ilimwishia na kituo kiko mbali mno. Hakuomba mengi, aliomba kikombe tu cha kumfikisha nyumbani. Nikatazama kioo, nikatazama sura yake iliyojaa matope, nikashusha dumu lote nikampa. Rehema aliniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha namba.

Tulishusha chanjo, tukala wali kwa mganga wa zahanati, na saa nane hivi tulikuwa tunajiandaa kuondoka. Ndipo tukasikia pawatila inakuja kwa kasi ambayo pawatila haina. Kwenye tela alikaa mfugaji mmoja, Masanja, na mkewe, na mkewe alikuwa amempakata mtoto wa kike wa miaka mitatu, Kabula. Mtoto alikuwa amekula mahindi ya kukaanga huku akicheka na wenzake, punje ikaenda njia ya hewa. Wametoka kwenye boma lao upande wa pili wa mbuga, ambako tope la masika halipitishi gari wala pikipiki. Kila pumzi ya yule mtoto ilitoka na mluzi.

Mganga alifanya aliyoweza, akampiga mgongoni kwa namna wanayofundishwa, akamtazama kooni kwa tochi. Punje haikutoka wala haikuonekana. Akasema hospitali, na sasa hivi, na mtoto asilazwe chali. Rehema na mama walikaa nyuma na Kabula ameketishwa mapajani. Masanja nikamweka mbele kwangu. Kioo kilisema mia mbili na kumi.

Tambarare ya bonde ilikuwa tope tupu, nikapita kwa gia nzito. Nilipoanza kupanda nilitupa jicho kwenye namba nikakuta mia na hamsini. Kona tatu baadaye ni mia na kumi. Kila kilomita moja niliyopanda, kioo kilinikata tatu au nne. Na hapo ndipo iliponijia, wanangu. Namba ya asubuhi ilikuwa ya mteremko. Ilikuwa inanihesabia lita zangu kwa safari niliyokwisha kuimaliza.

Masanja alikuwa mtu mrefu, kimya, amevaa koti kuukuu la mvua na miguu yake ina tope hadi magotini. Alikuwa anajua kusoma tarakimu. Aliitazama ile namba kwa kitambo, kisha akaniuliza kwa adabu ni ya nini. Nikamwambia ni kilomita ambazo mafuta yatatufikisha. Akauliza hospitali iko kilomita ngapi. Nikamwambia themanini na kidogo. Kioo kilisema themanini na nane.

Tangu hapo hakutazama barabara tena. Alitazama namba ile. Themanini na moja. Sabini na nne. Nilizima kiyoyozi, nikapunguza mwendo, nikakanyaga mafuta kwa ncha ya kidole, panono panono, nikimwomba Mzee Sinkala msamaha kimoyomoyo. Namba haikunisikia. Ilipofika hamsini nilivua kofia nikaifunika. Masanja akageuka akanitazama usoni, na ningeona heri anitukane.

Akaniuliza kama nina mafuta mengine ya akiba. Simu yangu haikuwa na mtandao, na hata ungekuwapo ningempigia nani afike pale kwa wakati. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia nilikuwa na dumu zima asubuhi, nikampa kijana wa pawatila kwa sababu niliiamini hii takataka, na kwamba kosa ni langu.

Tulipita kona mbili. Halafu akasema, "Mzee, ile pawatila ndiyo tuliyopanda. Kijana alikuja na dumu lako mkononi."

Machozi yalinitoka nikiendesha, mtu mzima na familia yake, na sikuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Tulipokaribia juu kabisa niliondoa kofia. Namba haikuwapo tena, palikuwa na vistari vitatu tu. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo madereva wengi wanapoharibu. Vistari havina maana kwamba tenki ni kavu. Gari likiwa limeinua pua, mafuta yanakimbilia nyuma na boya linasema uongo, na watengenezaji nao huacha lita kadhaa za siri chini. Lakini ni ngapi? Sikujua, na sijawahi kujua kugonga tenki. Nilichojua ni kwamba dizeli ikikatika kabisa, hewa inaingia kwenye mabomba, na kuitoa ile hewa ni kazi ya kupampu kwa mkono ambayo inaweza kukuchukua nusu saa au zaidi. Yule mtoto hakuwa na nusu saa ya kuchezea. Rehema alikuwa ameniambia kwa sauti yake ileile ya polepole kwamba midomo ya Kabula inaanza kubadilika rangi.

Basi tulipopanda juu, kwenye tambarare ya kwanza, nikasimamisha gari na kuzima injini.

Masanja alinishika mkono. "Mbona unazima, na gari linatembea?"

"Nipe kimya kidogo, baba," nikamwambia. "Nasikiliza."

Nikashuka, nikasimama katikati ya barabara. Injini ilipozimika kitu cha kwanza kusikika kilikuwa pumzi ya mtoto, ule mluzi, ambao safari yote ulikuwa umefichwa na kelele za gari. Mama yake alikuwa anaomba kwa Kisukuma kwa sauti ya chini. Upepo ulipita kwenye mahindi. Nilianza kuhesabu moyoni, nikajiapiza nikifika thelathini naondoka na liwe liwalo. Nilikuwa kwenye kumi na tisa upepo ulipotulia, nikasikia upande wa kushoto, tuk tuk tuk tuk, ikitoka nyuma ya mibuni.

Ilikuwa mashine ya Mama Tusa. Mzee Sinkala aliwahi kunipeleka pale nikamwamkie, miaka mingi nyuma, na mimi nilikuwa nimenuna. Niliwasha gari likaitika, nikaingia njia ya shamba, na kwa dakika mbili tulikuwa mlangoni. Palikuwa na wanawake kama kumi na wawili kwenye mstari, kila mmoja na ndoo yake ya mahindi, wengine wamesubiri tangu mchana kwa sababu mashine ilikuwa imeharibika mkanda na ndiyo kwanza imetengenezwa.

Nilimwambia Mama Tusa shida yangu kwa maneno machache. Akaniambia hana dizeli ya pembeni, iliyoko ndiyo iliyomo kwenye mashine, na kwamba akiitoa leo hakuna atakayesaga. Aliyasema bila kukataa, akiwageukia wale wanawake. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge cha kijani. Alisogea hadi kwenye gari, akachungulia, akamsikiliza Kabula akivuta pumzi mara mbili au tatu. Kisha akarudi, akainua ndoo yake ya mahindi akajitwisha.

"Zima mashine, mama," akasema. "Sisi tutapika viazi."

Wenzake wote nao wakajitwisha ndoo zao. Hakuna aliyenung'unika, au kama yupo hakutaka nisikie. Mama Tusa alizima, akafungua mpira wa chini, na dizeli ikatiririka kwenye ndoo safi. Tuliichuja kwa kitambaa cha kichwani mwake kwa sababu vumbi la unga likiingia kwenye nozeli zinazopuliza mafuta ni balaa jingine. Zilikuwa lita kumi au pungufu. Masanja ndiye aliyeshika faneli.

Kutoka pale nilikwenda nikijua nina nini tumboni mwa gari. Barabara ilikuwa imelainika, vilima vya kawaida vya Mbozi, na baada ya muda vistari vikatoka na namba ikarudi, ikaanza kupanda tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Masanja aliiona akaniuliza kama sasa ni kweli. Nikamwambia tuiache, tutazame barabara. Tulifika hospitali jua likiwa bado juu ya paa. Rehema alikimbia na mtoto kifuani, na mimi nikabaki kwenye usukani. Walimtoa punje kwa koleo nyembamba. Masanja aliniletea kuiona, imefungwa kwenye pamba, punje moja ya mahindi iliyoungua upande mmoja.

Tangu siku ile nimeendesha kwa namba na kwa milima pia. Nikiteremka, namba inayopanda naipunguza kichwani, nikipanda naitarajia ianguke. Nikibadili mzigo au njia, naihesabu kuwa imekufa mpaka nitembee kitambo. Tenki likifika nusu natafuta kituo. Na dumu hukaa garini, ingawa sitawaambia kwamba nisingempa tena yule kijana, kwa sababu hilo hata leo sijalimaliza moyoni. Mashine nyingi siku hizi ni za umeme, kwa hiyo msikariri mbinu ya mzee wenu kichwakichwa. Wajueni tu watu wa njia zenu, muwaamkie wakati hamna shida.

Kesho yake baada ya safari ile nilimpitia Mzee Sinkala nikamsimulia yote. Nilitegemea matusi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Mama Tusa nimemrudishia, na nilipomwambia dumu jingine lililojaa dizeli liko garini akavaa viatu akapanda.

Tulikuta wale wanawake wamerudi, mstari uleule, ndoo zilezile, yule wa kitenge cha kijani mbele. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya shukrani njia nzima. Nilishusha dumu nikafungua mdomo, lakini yule mama akaniwahi. Dumu hakulitazama. Aliniuliza kama mtoto ameweza kula.

Nikamwambia amekunywa uji asubuhi, kikombe kizima, na ametaka kingine.

Akawageukia wenzake akawarudishia maneno yangu, polepole, kwa Kinyiha, ili na wa mwisho kwenye mstari asikie. Kisha akaliinua dumu mwenyewe akampelekea Mama Tusa, na mashine ikawaka.